Lisaa limoja la kuchuma zabibu na tayari una ajira

Juzi kijiweni Nkuhungu, hapa Dodoma, bodaboda mmoja kashika simu anatusomea, eti Afrika Kusini wasio na kazi wamepita asilimia 30, sisi Tanzania hatufiki hata 10, kwa hiyo tumewaacha mbali. Namba hajakosea. Ila mi roho iliniuma kwa sababu namfikiria mdogo wangu.

Huyu dogo kamaliza chuo mwaka wa tatu huu. Msimu wa zabibu ukifika wanamuita kibarua huko Mpunguzi, anachuma asubuhi mpaka mchana analipwa, halafu wiki nzima yuko nyumbani. Sasa kwa kipimo cha ILO, lile Shirika la Kazi Duniani, ukifanya kazi ya kulipwa hata lisaa limoja tu kwa wiki unahesabiwa una ajira. Basi dogo ana ajira, sawasawa na mtu wa ofisini kule Mtumba mwenye mshahara na bima.

Afrika Kusini kijana kama huyo mara nyingi anaonekana kwenye takwimu kama hana kazi, maana biashara ndogondogo kule ni chache kuliko kwetu. Ubaguzi wa rangi uliwasukuma watu weusi kwenye makazi ya mbali na mji na kuwabana wasifungue biashara, na mpaka leo nauli tu ya kwenda kutafuta kazi ni mzigo. Halafu nyumbani kuna pensheni ya bibi au ruzuku ya watoto inayosogeza siku. Hapa Dodoma bila kibarua hamli, kwa hiyo unashika chochote kinachotokea, na hicho chochote ndo kinaingia kwenye asilimia yetu nzuri.

Kingine kinachonisumbua ni bibi yetu wa Bahi. Analima mtama wa kula, jembe toka alfajiri. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu walikubaliana Geneva kwamba anayelima hasa kwa chakula chake mwenyewe asihesabiwe kwenye ajira. Kazi anafanya, ajira hana! Na nchi hazikuhamia kipimo hicho kwa pamoja, kwa hiyo kabla hujashindanisha asilimia mbili angalia kwanza bibi kama huyu kawekwa upande gani.

Yule bodaboda nikamuuliza kwa siku anabaki na ngapi. Akasema hesabu ya bosi ikitoka na mafuta yakitoka, kuna siku inabaki hela ya ugali tu.