Namba Mbili na Namba Nane

Mwaka 2019 nilikuwa mshika kamera wa fainali ya wanafunzi ya Counter-Strike, gemu ya kompyuta ya kupigana risasi. Nikisema mshika kamera, ukweli ni kwamba nilishika kibodi tu. Wachezaji ni kumi, watano kwa watano, na kila mmoja ana tarakimu yake: 1 hadi 5 kwa timu ya kushoto, 6 hadi 0 kwa timu ya kulia. Ukibonyeza 3 unaingia machoni mwa mchezaji wa tatu. Ukibonyeza 8 umeshahamia kwa wa nane. Ukumbi mzima unaona kile ulichochagua wewe. Usipochagua, hakipo.

Mchana wa siku ile tulikuwa kwenye majaribio, viti vitupu, skrini kubwa imewashwa. Mzee aliyekuwa akisimamia ukumbi alikuja taratibu na funguo zake, akavuta kiti nyuma yangu. Alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza:

"Mwanangu, mwenye hiyo bunduki ni nani?"

"Ni huyu tunayemtazama, mzee wangu. Sisi tumo machoni mwake."

"Haya. Na adui yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya ukuta ule."

"Wewe umemwonaje?"

Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba namjua tu. Ramani ile, yaani uwanja wa mapambano ndani ya gemu, nimeicheza mpaka naiota, na mtu akipotea pale najua atatokea wapi. Mzee akacheka. "Basi unatazama peke yako."

Nikawasha ile mistari inayowachora wachezaji hata wakiwa nyuma ya ukuta. Ghafla skrini ikawa na miili myepesi ya rangi, mmoja amejibanza kwenye kona, mwingine anakuja mbio kuelekea kona hiyohiyo.

"Huyu anayekimbia hajui kwamba mwenzake yuko pale?"

"Hajui."

Akasogeza kiti mbele. Hakuuliza tena nani ni nani. Alitaka kuona itakuwaje.

Swali la yule mzee lilikuwa linanikera kwa miaka, ila sikuwahi kulisikia likisemwa wazi namna ile. Kwenye soka, macho ya watu wote hufuata kitu kimoja. Hata asiyejua kuotea ni nini anajua mpira uko wapi na goli liko wapi. Gemu za risasi hazina mpira. Kuna watu kumi waliotawanyika, kila mmoja na lake analolijua, na tukio lenyewe huisha ndani ya nusu sekunde. Kamera inayokimbilia mauaji hufika watu wameshazika. Overwatch League, ligi ya gemu nyingine ya risasi, ilipoanza mwaka 2018 iliwavalisha wachezaji rangi za timu zao, jambo la busara sana, lakini watu 12 wenye uwezo tofauti wakibanana kwenye kichochoro kimoja bado walimpa mgeni mimweko na kelele, basi.

Mimi nilianzia Quake III, gemu ya risasi ya zamani, na huko ndiko nilikoanza kulielewa jambo hili. Pambano la mtu mmoja kwa mmoja kwenye Quake, kwa asiyelijua, ni watu wawili wanaozunguka jengo bila kukutana. Lakini deraya nyekundu ikichukuliwa hurudi baada ya sekunde 25, na ile afya kubwa ya nyongeza baada ya sekunde 35. Wachezaji wote wawili wanahesabu vichwani. Mwekee mtazamaji saa mbili ndogo pembeni mwa skrini, naye ataanza kuona kwamba yule anayezunguka bure anarudi palepale kwa sekunde ileile, na kwamba mwenzake anamsubiri. Mchezo ni uleule. Kilichoongezeka ni kwamba sasa mtazamaji ana cha kuogopa.

Ndiyo maana siku ile nilimwomba kijana wa michoro ya skrini mambo mawili tu. Counter-Strike huruhusu programu nyingine kusoma taarifa za mechi inapoendelea, kwa hiyo unaweza kuchora unachotaka. Wenzangu walitaka takwimu: nani kaua wangapi, asilimia za kulenga kichwa, pesa za kila mchezaji. Pesa ni muhimu, sikatai. Unaanza na dola 800 za mle mchezoni, AK-47 ni 2,700, na AWP ya mdunguaji ni 4,750. Timu isipokuwa nazo hucheza raundi nzima na bastola ikisubiri ijayo. Lakini mgeni hawezi kusoma jedwali huku watu wanapigana. Nilitaka saa kubwa ya bomu, na alama kubwa ya koleo kando ya jina la kila mlinzi mwenye kifaa cha kutegulia.

Sababu ni hii. Timu moja hushambulia na kutega bomu, nyingine hulinda na kulitegua. Bomu likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40, ila wachezaji hawaoni hesabu hiyo. Saa ya raundi hutoweka, inabaki alama ya bomu na mlio unaozidi kuharakisha. Mlinzi mwenye koleo, lenye bei ya dola 400, hutegua kwa sekunde tano. Asiye nalo anahitaji kumi. Na aliyetega hajui kama huyu anayekuja analo au hana. Mtazamaji akiwekewa vitu hivyo viwili anakuwa ndiye pekee mwenye picha nzima.

Mwongozaji wa matangazo hakuafiki. Nisiwe mkali kwake, alikuwa na mzigo wa usiku mzima kichwani.

"Kaka, watu wamekuja kuona mauaji."

"Watayaona kwenye marudio, kaka. Kwanza waogope."

"Na hiyo mistari ya ukutani? Ukumbi mzima utaguna mtu akilengwa, na wachezaji wako palepale jukwaani."

Hapo alikuwa na hoja nzito. Kwenye intaneti tulikuwa tunarusha mechi ikiwa imecheleweshwa sekunde 90 ili asipatikane wa kumnong'oneza mchezaji. Ukumbini huwezi kuchelewesha, watu wanawaona wachezaji wakipiga mikono hewani kabla skrini haijasema kitu. Tukakubaliana: mistari ibaki, wachezaji wavae spika ndogo za masikioni, na juu yake vifuniko vikubwa vya masikio vinavyotoa uvumi mfululizo. Mmoja wao alilalamika masikio yanamwuma. Akavumilia.

Ramani ya kwanza ilipita bila la kusimulia. Upande mmoja ulizidiwa, na ukumbi ulikuwa na heshima tu. Nilikuwa na mwenzangu pembeni mwenye ramani nzima mbele yake, kazi yake ni kunitajia tarakimu kabla ya tukio: "Nne, nne anakaribia. Sita. Rudi nne." Asiyewahi kufanya kazi hii hudhani tunaona. Kwa kweli tunabahatisha sekunde mbili mbele, tena kwa kelele.

Ramani ya pili ilikuwa Inferno, na ndiyo nitakayoikumbuka. Inferno ina sifa zake tangu zamani. Januari 2018, fainali ya Major ya Boston, mashindano makubwa ya Counter-Strike, iliamuliwa humohumo: timu ya FaZe walikuwa mbele 15–11, raundi moja tu kutoka kwenye kombe, wapinzani wao Cloud9 wakasawazisha, na baada ya muda wa nyongeza mara mbili wakashinda 22–19. Ile mechi niliitazama tena na tena nikiangalia kamera tu, siangalii risasi.

Kwetu matokeo yalikuwa 14–13. Walioshambulia walitega bomu eneo la B, karibu na chemchemi, kisha wakaanza kuanguka mmoja mmoja mpaka akabaki namba mbili, amejificha nyuma ya majeneza na AK yake. Upande wa pili akabaki namba nane. Jina lake lilikuwa kwenye skrini bila alama ya koleo.

Mtangazaji aliiona mara moja. "Hana koleo! Anahitaji sekunde kumi!" Saa ya bomu ilikuwa ikipita 17.

Namba nane akatupa bomu la moshi juu ya lile bomu na kuzama ndani yake. Hapo ndipo mwongozaji aliponiita kwenye spika za masikioni: "Nenda nane! Nenda kwa anayetegua!" Mshika kamera yeyote angekwenda, kwa kuwa tukio liko kwa nane. Lakini machoni mwa nane kulikuwa na nini? Moshi. Skrini yote ya kijivu na mstari wa kutegua unaojaa polepole. Nikabaki na mbili.

Kutoka machoni mwa namba mbili, moshi ulikuwa ukuta mweupe, na ndani ya ukuta ule, kwa mistari yetu, kulikuwa na mwili wa rangi ya buluu umechuchumaa. Yeye haoni kitu. Ukumbi unaona kila kitu. Alama yake ya shabaha ilikuwa inayumba kushoto kwa yule aliyechuchumaa, kama kiganja kimoja hivi kwenye skrini.

Mlio wa kutegua ukasikika. Namba mbili akachungulia. Mlio ukakatika: nane alikuwa anamdanganya tu, amebonyeza akaachia. Namba mbili hakufyatua, akarudi nyuma ya majeneza. Saa ikawa 13. Mlio tena, ukakatika tena. Saa ikawa 11. Mtangazaji alishaacha kutangaza, alikuwa anahesabu. Mlio wa tatu ukaanza saa ikiwa 10 na vidogo vyake, na safari hii haukukatika.

Namba mbili alisita. Ukimlaumu, jiweke mahali pake: ameshadanganywa mara mbili, hajui kama mwenzake ana koleo, na saa haioni. Sekunde zikapita. Kisha akatoka na kuanza kumimina risasi kushoto, akizisogeza kulia kidogo kidogo. Sijawahi kusikia ukumbi ukipumua namna ile. Kila risasi ilikuwa inasogea kuelekea ule mwili wa buluu, na sauti moja kutoka viti vya nyuma ikapaa juu ya zote: "Kulia! Yupo kulia!" Nilimtambua mwenye sauti bila kugeuka. Mzee wa funguo.

Risasi za mwisho zilipita juu tu ya kichwa cha nane. Magazini ya AK ina risasi 30, na ya thelathini ikaisha. Namba mbili akaanza kujaza upya, mikono yake ikahangaika mbele ya macho yetu kwa zile sekunde mbili na ushei ambazo hazipungui hata ukibonyeza kwa hasira. Alipoinua bunduki tena, bomu lilikuwa limeteguliwa.

Kelele zilizofuata zilizima mawasiliano kabisa. Nilimwona mwongozaji akinionyesha ishara ya vidole: marudio, marudio. Kwenye marudio tukaonyesha macho ya nane, na nilifanya hivyo kwa moyo mweupe, kwa maana sasa kila mtu alikuwa anajua ule ukijivu una nini ndani.

Timu ya namba nane ilishinda ramani, fainali ikawa ramani 1–1. Wakati wa mapumziko namba nane akaja nyuma ya jukwaa, kijana mwembamba, vifuniko vya masikio bado shingoni.

"Bro, samahani, naomba kuona. Mimi sijaona chochote mle ndani."

Nikamwekea kutoka machoni mwa mbili. Alipoiona ile mistari ya risasi ikipita juu ya kichwa chake akashika kichwa kwa mikono miwili. "Kumbe alikuwa hapo! Mimi nilidhani anapiga kutoka upande wa pili kabisa." Akaomba irudiwe. Namba mbili naye akatokea na chupa ya maji, akasimama nyuma yetu akatazama bila kusema neno, kisha akasonya na kumpiga mwenzake begani.

Mwongozaji akatukatiza: dakika tano, ramani ya tatu ni Nuke. Nikaguna. Nuke ina maeneo mawili ya bomu, moja juu na jingine chini yake, na kwenye ramani ndogo ya pembeni watu wa ghorofa mbili huonekana wamesimama mahali pamoja. Mistari ya ukutani, iliyotuokoa Inferno, huko huzidisha fujo: unaona mwili mbele yako kumbe uko sakafu ya chini. Nikamwambia mtangazaji kabla hajataja jina la mchezaji aseme kwanza juu au chini. Kijana wa michoro nikamwomba aigawe ramani ndogo ziwe mbili, moja kwa kila ghorofa.

"Kwa dakika tano?"

"Nne na nusu," nikamwambia, na akavuta kibodi yake.