Ukuta Uliozama

Siku ya tisa ukuta mmoja wa behewa langu la treni ya mfano ulikuwa umezama. Si sana, labda unene wa ukucha. Lakini ukilaza rula ya chuma juu yake ulikuwa unaona mwanga ukipenya katikati, na mimi rula hiyo nilikuwa nimeilaza mara nne, kila mara nikiomba safari hii mwanga usipite.

Lilikuwa behewa langu la kwanza kuunda kutoka bamba tupu la plastiki. Kabla ya hapo nilikuwa nimeunganisha mabehewa ya kwenye boksi: unang'oa vipande kwenye fremu yake, unafuata mchoro, unagandisha, basi. Nilijiona fundi. Kisha nikalipenda behewa moja la zamani pichani, la mizigo, lenye paa, kuta zake za mbao zimeshikwa na mihimili ya chuma iliyokaa kwa nje kama mbavu za mtu aliyekonda. Nilitafuta la kuunganisha lililofanana nalo, sikulipata. Nilichopata ni mchoro wake tu.

Mchoro ulisema urefu wake ni futi 36. Kwa kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, futi moja ni milimita 3.5, kwa hiyo behewa zima lingekuwa milimita 126, la kubebeka kiganjani. Jioni nzima nilipiga hesabu, nikaandika kila kipimo kwa penseli pembeni ya mchoro, na sijui kama kuna jioni nyingine ya kazi ile niliyoifurahia hivyo. Kwenye karatasi kuta hazizami.

Kwa kuta nilichagua bamba la polistairini la nusu milimita. Sababu ilikuwa uvivu: jembamba hukatika upesi. Kumbe polistairini haikatwi hasa. Unaikwaruza mara mbili tatu kwa ncha ya kisu ukifuata rula, halafu unaikunja kwenye alama, inavunjika tap, mstari umenyooka kama ulivyotaka. Kinachobaki ni kijiukingo kilichoinuka pembeni mwa alama, kidogo kiasi kwamba kidole hukisikia kabla jicho halijakiona. Usipokikwangua, kipande hakilali, na chochote utakachokiegemeza hapo kitasimama kombo. Hilo nililigundua nikiwa tayari nimeshagandisha kona mbili.

Halafu zikaja mbao. Ubao wa inchi tano na robo ukiupunguza mara 87 unabaki milimita moja na nusu. Ukuta wa futi nane ni milimita 28, kwa hiyo kila upande ulidai mistari 18, yote sambamba, yote ichorwe kwa mgongo wa kisu na si kwa makali, ili ibaki mifereji na si mipasuko. Upande wa kwanza ulinilia usiku mzima. Kwenye mstari wa 11 rula iliteleza na kisu kikajiendea zake. Niliujaza, nikaupiga msasa, nikauchora upya. Ukiulaza kwenye mwanga bado kovu linaonekana. Upande wa pili niliumaliza kesho yake bila tukio lolote, nikauweka kando.

Ribiti nilizitokeza kwa sindano butu, nikibonyeza kutoka nyuma ya vijibamba vya mihimili, moja moja. Nilihesabu hadi 200 nikaacha kuhesabu.

Sasa kiyeyushi. Watu huita gundi, nami nililiita hivyo, na nadhani neno hilo ndilo lililonipoteza. Gundi hukaa katikati ya vitu viwili na kuvishika. MEK, kiyeyushi nilichotumia, haifanyi hivyo. Unabana vipande viwili pamoja, unagusisha brashi yenye tone kwenye mwanya, na tone linakimbia lenyewe mwanya mzima kama mafuta yanavyopanda utambi. Linalainisha plastiki ya pande zote mbili, zinaingiana, kisha lenyewe linaondoka hewani. Kazi yake ni kuondoka. Mimi nilifikiri kazi yake ni kubaki, kwa hiyo nilikuwa mkarimu.

Kwa ndani nilibandika vijiti vya kuimarisha kuta. Upande wa kwanza vilishika vizuri. Upande wa pili kimoja kilibanduka, nikaingiwa na hofu, nikavipaka vyote mara ya pili, na vilipong'aa vizuri nikavipaka mara ya tatu. Dirisha lilikuwa wazi na bado kichwa kiliniuma. Usiku uleule, kwa hamu tu ya kuliona likiwa na umbo la behewa, nikaweka sakafu na paa na kuziba kila mwanya. Nililala nimelitazama.

Kuna mzee mmoja aliyekuwa ameunda mabehewa kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Nilimpigia simu siku ile ya tisa.

"Shikamoo mzee. Behewa langu limeingia tumbo."

"Marahaba. Ulilitoboa?"

"Kulitoboa wapi?"

"Sakafuni. Matundu ya kupumulia."

Nikanyamaza.

"Basi mvuke uko humo humo bado," akasema. "Unazila kuta zako taratibu. Na uzito uliweka?"

Uzito sikuweka. Hapo ndipo nilipotaka kulitupa. Chama cha wapenda reli ndogo cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO wakia moja, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa langu lilikuwa inchi tano hivi, kwa hiyo lilistahili wakia tatu na nusu, karibu gramu 99. Mizani ilisema 31, magurudumu yakiwemo. Nilikuwa nimejenga boksi lisilo na mlango wa kutilia mzigo.

Ikabidi nikate sakafu. Niliikwaruza polepole kuzunguka, nikapenyeza ncha ya kisu, ikaachia, na harufu ya MEK ikanipiga puani kana kwamba nimefungua chupa yenyewe. Siku tisa! Niligusa ukuta uliozama kwa ndani: vile vijiti nilivyovipaka mara tatu vilikuwa vimekuwa kitu kimoja nao, na vilipokauka vikauvuta. Ukuta wa kwanza ulikuwa umenyooka. Tofauti yake na wa pili ilikuwa huruma yangu tu.

Mzee alinishauri nisiunyooshe, kwani plastiki iliyoyeyuka ikagandana na umbo lake, ukiilazimisha inapasuka. Alisema nijenge mwingine. Mimi nilifikiria ile mistari 18 na zile ribiti, nikajifanya sikusikia. Nilijaza nati za chuma ndani, nikazishika kwa gundi ya kuchanganya mbili, safari hii gundi kweli, nikatoboa matundu mawili sakafuni ambayo hayakuwa na la kusaidia tena, nikafunga.

Bogi, yaani vile viunzi viwili vya magurudumu vinavyozunguka chini ya behewa, na viungio nilinunua, wala sioni aibu. Anayechonga magurudumu yake mwenyewe nampa heshima zake. Rangi ilikuwa nyekundu ya udongo, isiyong'aa, kwani rangi inayong'aa ingelitangaza lile tumbo.

Nilimpelekea mzee behewa hilo likatembee kwenye reli zake, njia ya duara iliyozunguka meza. Liliacha reli kwenye makutano ya kwanza. Akaligeuza juu chini, akatazama bogi, akachukua bisibisi. Nilikuwa nimekaza skrubu zote mbili sawa. Alilegeza moja hadi bogi ile ikaweza kuyumba kushoto na kulia. Ya pili akaiacha izunguke tu bila kuyumba. "Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote," akasema. "Cha minne kinataka sakafu iliyonyooka." Likapita makutano.

Nilikuwa nimeliweka relini kwa hila. Njia ikiwa duara, upande unaotazama nje unabaki nje treni ikizunguka hata mara mia, na mimi nilihakikisha ukuta uliozama unatazama katikati ya meza, ambako hakuna mtu. Tukaketi. Lilizunguka mara tatu, nne. Mzee akasimamisha treni, akaliinua behewa langu, akalifikisha karibu na miwani yake, akaligeuza pande zote mbili bila kusema neno. Kisha akalirudisha relini kinyume, tumbo likitutazama.

"Mzee, upande mzuri ni ule."

"Ule una mstari uliopotea njia," alisema, akawasha treni. "Mbao za huku ndizo zilizonyooka."

Niliinama kuzitazama zikipita. Sikuwa nimewahi kuziangalia.