Nilivyoielewa kalorimita kwa nati, uzi na vikombe vya karatasi

Nilirudi darasani miaka minane baada ya kumaliza kidato cha nne, kusomea kazi ya maabara katika chuo kimoja hapa Mombasa. Mtihani wa kwanza wa kemia ulikuwa na maswali matatu ya joto, nikayakosa yote. Kanuni nilikuwa naijua kwa ghaibu: joto ni uzito mara joto mahususi (joto linalohitajika kuipandisha gramu moja ya kitu kwa nyuzi moja) mara badiliko la halijoto. Nisilolijua ni nambari ipi iingie wapi. Swali likinipa halijoto ya chuma na halijoto ya maji, nilikuwa nachukua moja kwa kubahatisha tu.

Shida yangu ilianzia kwenye lugha kabla ya kufika kwenye hesabu. Kwetu Kisauni neno "joto" linabeba mizigo mingi. Leo kuna joto, maji yana joto, mtoto ana joto. Darasani mizigo hiyo hutenganishwa: halijoto ni ile nambari ya themomita, na joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, nayo hupimwa kwa jouli. Baadaye nilisoma kwamba wanasayansi wenyewe walikuwa wakivichanganya viwili hivi mpaka karne ya 18, Joseph Black wa Uskoti alipovitenga waziwazi. Nilifarijika sana. Mwalimu alikuwa ameyasema haya siku ya kwanza na daftarini nimeyaandika, lakini nilikuwa bado sijayaona kwa macho.

Niliyaona bafuni. Bibi yangu hawezi tena maji baridi, kwa hiyo Mama humchanganyia: maji ya bomba lita 10 kwenye ndoo, kisha ya moto kutoka jikoni. Jioni moja niliona birika lina maji yaliyochemka, kama kikombe kimoja hivi, nikataka kuyamimina ndooni niondoke. Mama akanizuia. "Kikombe hicho kitapasha nini, mwanangu? Teleka sufuria."

Niliteleka, na huku maji yanachemka nikakaa chini na kalamu. Maji ya birika yana nyuzi karibu 100, ya ndoo 28. Kwa halijoto, kikombe kinaishinda ndoo mara tatu na zaidi. Lakini kikombe cha robo lita kikiingia kwenye lita 10 kinaipandisha ndoo chini ya nyuzi 2. Halijoto yake ni kubwa, joto lake ni kidogo! Ili ndoo ifike nyuzi 38, lita 10 lazima zipande nyuzi 10, na kila lita ya maji ya moto itashuka nyuzi 62, kutoka 100 hadi 38. Kumi mara kumi ni mia moja; ukigawanya kwa 62, lita 1.6. Kesho yake niliijaza sufuria ya Mama kwa chupa ya lita moja nikaona inachukua lita moja na nusu na kidogo. Mkono wake ulikuwa umeijua hesabu hiyo miaka yote.

Kwenye ndoo ile pande zote mbili ni maji, ndiyo maana ile 4.18 ya kitabuni sikuihitaji. Nilipotambua hivyo, joto mahususi likanifungukia: ni ile nambari unayoihitaji pale vitu viwili visipokuwa vya aina moja. Gramu moja ya maji inataka jouli 4.18 ili ipande nyuzi moja. Je, gramu moja ya chuma inataka ngapi? Nikaamua nisiitazame kwenye jedwali. Niipime mwenyewe.

Kaka yangu, fundi wa magari, alinipa nati nne kubwa za chuma. Kwenye mzani wa jikoni ninaopimia unga wa keki zilikuja gramu 212. Kalorimita yangu, yaani chombo cha kupimia joto linalohama, ilikuwa vikombe viwili vya karatasi, kimoja ndani ya kingine, na kipande cha kadibodi juu chenye tundu la kupitisha themomita. Ndani nilitia gramu 150 za maji ya bomba, nyuzi 29. Nati nikazitunga kwenye uzi na kuzichemsha dakika kumi. Hapa sisi watu wa pwani tuna bahati, kwa sababu tuko usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwa nyuzi 100 kama kitabu kisemavyo. Binamu yangu aliyeko Nairobi angelazimika kuandika karibu 95, na kama hajui hilo, hesabu yake yote ingepinda.

Nikazitoa nati, nikazitumbukiza kikombeni, nikafunika na kukoroga. Themomita ikapanda mpaka 40.1 ikasimama. Maji yamepata 150 mara 4.18 mara 11.1, yaani jouli 6,960. Nati zimeshuka nyuzi 59.9. Ukigawanya unapata 0.55. Hapo nikafungua jedwali: chuma, 0.45.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea kuzidisha. Hesabu ilikuwa sawa. Kisha, kwa kutojua la kufanya, nikakiweka kikombe chote juu ya mzani pamoja na nati zake. Kilikuwa kimezidi gramu 5. Nati zina matundu na mifereji ya skrubu, na maji yanayochemka yalikuwa yamejificha humo yakaingia nazo kikombeni. Gramu 5 zinasikika kama si kitu, lakini maji hubeba joto mara tisa ya chuma, gramu kwa gramu, kwa hiyo wageni wale walikuja na joto la gramu 45 na zaidi za chuma. Nafikiri dakika ile juu ya mzani ilinifundisha kuliko muhula mzima.

Mara ya pili nilizikung'uta nati kwa nguvu juu ya sufuria kabla ya kuzitumbukiza, kisha nikapima uzito tena. Safari hii gramu 1 tu ndiyo iliyozidi, nikaliondoa joto lake kwenye hesabu. Maji yalisimama nyuzi 38.4, na jibu likawa 0.43. Kile kilichopungua kilikwenda kwenye karatasi ya kikombe na kwenye hewa kati ya jiko na meza. Nikafanya hivyo hivyo kwa vipande vya alumini nilivyopewa na fundi wa madirisha, nikapata 0.86, na jedwali linasema 0.90.

Chuoni tulipofika kwenye joto la mmenyuko, yaani joto linalotoka au kuingia kemikali zinapobadilika kuwa nyingine, sikuogopa tena. Tulichanganya mililita 50 za asidi ya hidrokloriki na mililita 50 za hidroksidi ya sodiamu, zote za moli moja kwa lita (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe). Wenzangu wengi waliandika uzito wa gramu 50. Lakini kinachopashwa ni mchanganyiko wote, gramu 100, kama vile Mama anavyoipasha ndoo nzima na si nusu yake. Halijoto yetu ilipanda nyuzi 6.5, sawa na jouli 2,717, na moli zilikuwa 0.05, kwa hiyo kilojouli 54 kwa moli moja. Thamani inayokubalika ni karibu 57. Tunaiwekea alama ya kutoa kwa sababu mmenyuko ndio uliotoa na maji ndiyo yaliyopokea.

Kuna jambo moja halikuniacha nilale. Mwaka 1819 Wafaransa wawili, Dulong na Petit, waligundua kwamba ukizidisha joto mahususi la elementi ngumu kwa uzito wake wa atomu, mara nyingi unapata nambari ileile, karibu 25. Nikachukua nambari zangu za jikoni. Chuma: 0.43 mara 56, karibu 24. Alumini: 0.86 mara 27, karibu 23. Gramu moja ya alumini inachukua joto mara mbili ya chuma kwa sababu ina atomu mara mbili, na kila atomu inataka fungu lake sawa na mwenzake.

Nikaona niipime kanuni hiyo kwa kitu nisichokiangalia kwenye jedwali. Jirani yetu ni mvuvi. Nilimwendea, "Shikamoo ami, naomba uniazime chubwi za mshipi." Chubwi zake ni za risasi, sumu, kwa hiyo nilizichemshia nje kwenye mkebe wa zamani wa rangi usiorudi jikoni. Uzito wa atomu ya risasi ni 207. Nikaandika ubashiri wangu kwenye daftari kabla ya kugusa kitu: 25 gawanya kwa 207, yaani 0.12. Gramu 300 za risasi, nzito mpaka uzi ukanikata kidole, ziliyapandisha maji yaleyale gramu 150 kwa nyuzi 4.1 tu. Nikagawanya, mkono unatetemeka. 0.13.