Siku moja na bakteria wanaofunguliwa mlango

Nikisema nafanya utafiti wa bakteria wa utumbo, swali linalofuata ni moja: "Kwa hiyo unapima choo?" Wanaopima choo hospitalini nawaheshimu sana, wengine nimesoma nao, lakini kazi yangu ni nyingine. Mimi nachunguza namna Salmonela anavyoingia ndani ya seli ya binadamu. Tukio lenyewe ni la dakika chache tu, ila kuliandaa na kulipima hula siku nzima. Hii ilikuwa Jumanne yangu hapa Dar es Salaam.

Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Kimara, saa moja kasoro nimeshavaa koti. Kitu cha kwanza ni inkubeta, kabati la kutunzia seli: joto digrii 37, hewa ya kabonidayoksaidi asilimia 5. Humo ndimo zinamokaa seli zetu za HeLa. Asili yake ni uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, zilizochukuliwa mwaka 1951 huko Baltimore bila yeye kuombwa ruhusa. Alifariki mwaka huohuo, na seli zake zinaendelea kukua mpaka leo, hata hapa kwetu. Kila kijana anayekuja fildi, yaani mafunzo ya vitendo, namsimulia habari za mama huyu kabla hajashika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia vimiminika. Kwangu hilo ni sharti.

Saa mbili nazimua bakteria waliooteshwa usiku kucha, nawaweka kwenye mchuzi mpya wa kuoteshea, nasubiri kama saa tatu hivi. Lazima kusubiri, kwa sababu Salmonela haingii kwenye seli wakati wowote. Akifikia hatua fulani ya kukua ndipo anapojenga vifaa vyake vya kuchomea, vyenye umbo la sindano kabisa. Kwa sindano hiyo anapitisha protini hadi ndani ya seli, protini zinaivuruga ile mifupa inayoipa seli umbo, ngozi ya seli inatutumka, inamzunguka na kummeza. Huyu mwizi havunji mlango, anamfanya mwenye nyumba aufungue mwenyewe.

Tunayemfuatilia zaidi ni wa ukoo unaoitwa ST313. Ndugu zake wengi humharisha mtu siku chache akapona. Huyu, katika nchi zetu za kusini mwa Sahara, huvuka utumbo akaingia kwenye damu, hasa ya watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo, na ya watu wazima wenye VVU. Mara nyingi hata kuhara hakuna, ni homa tu, na homa huku kwetu ikishaitwa malaria au taifodi hakuna anayeuliza zaidi. Dawa kadhaa za zamani hazimwezi tena. Ndiyo maana naamka saa kumi.

Saa tano kamili nawakutanisha: bakteria 10 kwa kila seli moja. Nusu saa, naosha. Kisha naweka dawa iitwayo jentamisini, mikrogramu 100 kwa mililita, kwa saa nzima. Jaribio zima limesimama juu ya saa hiyo. Jentamisini huua bakteria walio nje ya seli lakini hupenya ndani kwa shida, kwa hiyo atakayebaki hai ni yule aliyekwisha kuingia. Baada ya hapo napunguza dawa hadi mikrogramu 10, baadaye napasua seli kwa sabuni maalumu, nazimua mara kumi, mara kumi tena, nasambaza kwenye sahani za agari, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, na kesho yake nahesabu. Pembeni huwa na visima, yaani vishimo vya sahani ya seli, vyenye bakteria aliyeondolewa jeni ya invA, mojawapo ya jeni za kuingilia walizozieleza watafiti Jorge Galán na Roy Curtiss mwaka 1989. Huyo hawezi kuunda sindano, haingii. Wakionekana wengi wa aina yake kwenye sahani, najua jaribio limeharibika.

Saa sita kasoro dakika kumi umeme ukakatika.

Kawaida jenereta hunguruma kabla hujamaliza kulalamika. Safari hii kimya. Nikashuka.

"Betri ya kuwashia imekufa, dada. Wanakwenda kununua nyingine."

"Wameondoka?"

"Wanatafuta funguo za gari."

Nikarudi juu. Kabati la usalama bila umeme halivuti hewa, na bila hewa hiyo hakuna kinachozuia matone yenye Salmonela kunirudia usoni. Siwezi kutoa sahani nikaioshea mezani. Binti wa fildi akauliza, "Dada, tusichungulie hata joto?" Nikamwambia asiguse mlango wa inkubeta, joto lililomo ndilo tulilobaki nalo. Saa sita na nusu ikapita, yaani ndipo dawa ilipotakiwa kupunguzwa. Saa saba. Jasho, koti, glavu, feni imesimama.

Mama akapiga simu katikati ya hayo. Taifodi imemrudia mjomba, kapimwa damu, majibu dakika chache. Nikamweleza, kama ninavyomweleza kila mara, kwamba kipimo kile cha haraka kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huunda dhidi ya vijidudu, na kingamwili zaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa kitu kingine kabisa. "Mwambie amwombe daktari damu ioteshwe, kabla hajaanza dawa."

"Si uje umpime wewe?"

"Mama, mimi sipimi wagonjwa."

Akanyamaza kidogo. Najua ananionea fahari, na najua hajui nafanya nini.

Umeme ulirudi saa nane na robo. Jentamisini ikikaa kwa wingi ule muda wote huo, seli huinywa taratibu na walio ndani nao huanza kufa. Ningehesabu wachache, nikaandika kwamba hawaingii vizuri, na ungekuwa uongo wenye tarakimu. Binti akapendekeza tuandike tu kwamba tulichelewa. Nikamwambia mtoto mwenye homa hatibiwi kwa maelezo ya pembeni. Sahani yote ikaenda kwenye autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa digrii 121, nami nikazimua bakteria upya.

Kuanzia hapo saa sizikumbuki vizuri. Nakumbuka chapati mbili na chai. Nakumbuka adhana ya magharibi nikiwa naosha visima, na kidole gumba kilichouma kwa kubonyeza pipeti, na binti aliyekataa kwenda nyumbani mpaka nilipompigia mama yake kumtoa wasiwasi. Alikuwa ananiitia dakika kwa sauti, hakukosea hata moja. Tulifunga mlango usiku umeshaingia sana.

Jumatano asubuhi sahani za invA zilikuwa karibu tupu. Zile za ST313 zilijaa vidoto vyekundu vyenye kitovu cheusi, vimeachana vizuri, vinahesabika. Binti akachukua nusu, mimi nusu, kila mmoja bila kuona hesabu ya mwenzake, kisha tukabadilishana sahani.