Kabla hujapanda nguzo, igonge kwanza

Wadogo zangu mlioanza field kwenye laini za umeme mwaka huu, hili nalisema kwa moyo wote, msikimbilie kupanda. Wengi mnawaza urefu na shoti, sawa, ila nguzo yenyewe ya mbao nayo inaua na inaozea pale usipopaona, chini kidogo ya usawa wa udongo ambako unyevu na mchwa vinakutana. Juu inaweza kuonekana nzima kabisa.

Fundi aliyenifundisha alikuwa haruhusu mtu avae mkanda wa kupandia kabla hajaizunguka nguzo na nyundo, unagonga kuanzia chini hadi mkono unapofika, ikilia kavu, vizuri, ikitoa sauti nzito ya uwazi simama hapohapo, chimba kidogo pembeni uchome na bisibisi, ikizama kirahisi hiyo hupandi, ifungwe kamba au iletwe gari ya ngazi.

Na jamani kuna nguzo zimesimama kwa sababu nyaya zinazivuta huku na huku, basi. Ukifika juu ukalegeza waya inaondoka na wewe umejifunga nayo. Hapo mkanda ndo unakuua.

Halafu msiamini "umeme umekatwa" ya kwenye simu. Pima na testa ya volti ya laini hiyo, funga ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, maana jenereta la mtu likirudisha umeme kwenye laini, transfoma inaupandisha mpaka volti 11,000. Bosi akikuharakisha mwambie bado unapima.