Nilivyohakikisha jirani anakuja nikimwita: kuongoza kombania kule Beni

Kabla sijaondoka nyumbani, afisa mmoja aliyenitangulia kule aliniambia: "Wewe linda kambi yako, mengine yana wenyewe. Ukishambuliwa piga redio, watakuja." Najua alisema kwa nia njema, lakini kila nikiukumbuka ushauri ule napandwa na hasira. Watakuja akina nani? Kwa amri ya nani? Kwa barabara ipi, na magari yao yanapita? Kamanda akiyaacha maswali hayo yajijibu yenyewe usiku wa risasi, anazika vijana wa watu.

Nilifika Beni, Kivu Kaskazini, mwaka 2018 nikiwa kamanda wa kombania katika Brigedi ya Kujibu Mashambulizi ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, brigedi ile tunayoiita FIB. Wengi wanaikumbuka kwa kazi yake ya kwanza. Baraza la Usalama liliiunda kwa Azimio 2098 mwezi Machi 2013, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa askari, kamanda wa kwanza akawa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kufikia Novemba mwaka huohuo waasi wa M23 walikuwa wamekwisha kutolewa kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi. Waliopigana vita ile wana haki ya kujivunia. Ila sisi tuliokuja baadaye tulikuta vita nyingine kabisa. M23 walishika milima, ukawaona na ukawalenga. ADF, waasi wenye asili ya Uganda, wanakaa msituni, wanatembea usiku, mara nyingi wamevaa sare za jeshi la Kongo, wanachinja kijiji na kutoweka kabla hakujapambazuka.

Halafu kulikuwa na Semuliki. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango ilivamiwa. Walikufa wenzetu 15, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulituma timu ya uchunguzi ikiongozwa na Dmitry Titov, na ripoti ilisema wazi kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wale askari wala wa kuwatoa pale, na kwamba ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi vilipungua. Maneno hayo niliyasoma mpaka nikayajua kwa moyo, kwa sababu kombania yangu ilikuwa inakwenda kukaa upande uleule wa msitu.

Mahandaki, malindo, doria na zamu sitavieleza. Aliyepita Monduli, chuo chetu cha maafisa wa jeshi, anavijua, na asiyevijua hatavijulia hapa.

Kilichonichukulia muda na akili ni kitu ambacho hakifundishwi vya kutosha, yaani amri ndani ya jeshi la mataifa mengi. Kwenye karatasi mambo yamenyooka: kamanda wa kombania yuko chini ya kamanda wa kikosi, naye chini ya brigedi, nayo chini ya kamanda mkuu wa majeshi ya misheni. Kiuhalisia, nchi inapotoa askari kwa Umoja wa Mataifa inatoa mamlaka ya kuwatumia kwa operesheni tu. Nidhamu yao, vyeo vyao na hofu ya jeneza kurudi nyumbani vinabaki kwa nchi yao. Kwa hiyo kila kikosi kina masharti kutoka kwao. Wapo wasioruhusiwa kutembea usiku, wapo wasiovuka mpaka wa eneo lao bila ruhusa ya mji wao mkuu. Masharti hayo huyakuti kwenye amri ya operesheni. Unayajua siku unapomwita mtu naye hasogei. Helikopta za uchukuzi nazo ziko mikononi mwa raia wa idara za huduma, na ombi la askari linapita meza kadhaa kabla rubani hajavaa kofia.

Nilianza kwa njia ya kawaida: niliandika. Nilieleza kwamba msaada wangu wa karibu kwa barabara ni kikosi cha nchi nyingine kisicho cha brigedi yetu, nikaomba mpango wa pamoja. Baada ya muda mrefu nikarudishiwa fomu ya kujaza, na afisa mmoja wa mipango akanipigia simu kuniambia mpango upo, umo kwenye kiambatisho. Nilikisoma. Kilisema kikosi jirani "kitakuwa tayari kutoa msaada". Basi. Hakuna muda, hakuna njia, hakuna mahali pa kukutana.

Nikaomba zoezi. Jirani akakubali kwa roho nyeupe, na siku ikapangwa, tena mchana kweupe. Saa iliyokubaliwa ikafika, nikaita kwa redio. Kimya. Kumbe redio zetu zilikuwa na funguo za siri tofauti, yaani namba za kuficha mazungumzo: zao zimebadilishwa, zetu bado. Tukahamia simu. Bonde lile mtandao wa simu unapatikana tu juu ya kilima kilichokuwa na kanisa, kwa hiyo mpiga redio wangu alipanda mbio na simu mkononi, akanyoosha mkono juu mpaka ikashika. Akapokelewa na afisa wa zamu aliyesema amesikia, lakini lazima amuulize mkubwa wake. Mkubwa naye akataka kuwauliza wakubwa wa kwao, na kwao saa zile watu walikuwa wamelala. Deraya zao zilipotoka jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Zikaja mpaka kwenye daraja la mbao kati yetu na wao, dereva wa mbele akashuka, akalikanyaga kwa buti, akatikisa kichwa. Deraya ya tani nyingi namna ile ingekwenda mtoni. Wakageuza.

Vijana wangu waliokuwa wamepanga mstari kuwapokea walinitazama usoni. Kombania nzima ilijua maana yake.

Baadhi ya maafisa wenzangu walisema niachane na wale, kila mtu na bendera yake. Mimi nilifurahi kwamba tumeyaona yote mchana bila damu, nikaenda kwa kamanda wao keshoyake. Sikumpelekea lawama. Nilipeleka chai na karanga, tukakaa chini ya hema lake, tukachora ardhini kwa kijiti barabara, mto, daraja na kambi zote mbili. Kisha nikamuuliza swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza: "Nchi yako inakukataza nini?" Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia yote. Hawaruhusiwi kuvuka daraja usiku. Hawaruhusiwi kuingia msituni kwa miguu. Kutoka hadi darajani wanaweza, kwa sababu ni eneo lao, na kwa hilo hawahitaji kumuuliza mtu.

Hapo ndipo nilipopata ufumbuzi ninaojivunia mpaka leo. Niliacha kumtaka anifikie. Nilimpa kazi iliyo ndani ya ruhusa zake: nikiita, yeye atoke mpaka darajani, ashike pande zote mbili za barabara, aweke taa na mganga wake pale. Kutoka kambini hadi darajani ni kazi yangu mwenyewe, kwa magari yangu, kwa askari wanaoijua kila kona ya njia ile hata gizani. Majeruhi nitamfikishia pale, na risasi za akiba nitazipokea pale. Tukaandika yote kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi ambacho wote tulikielewa: dalili gani ikitokea, nani anafanya nini, ndani ya dakika ngapi. Yeye akasaini, mimi nikasaini, kamanda wa kikosi changu akaupeleka kwa kamanda wa sekta, mkubwa wa yule jirani, naye akasaini. Sahihi ile ya tatu ilikuwa na thamani kuliko deraya kumi, maana ilimtoa jirani yangu kwenye kuomba ruhusa usiku.

Suala la redio nalo nililimaliza kwa watu. Nilimpeleka koplo wangu mmoja wa mawasiliano akakae kwenye chumba cha operesheni cha jirani, na redio yetu, funguo zetu, betri zake na chandarua. Jirani naye akaniletea wa kwake. Simu isiyopokelewa ni rahisi kuipuuza. Kijana aliyesimama mbele ya meza yako na karatasi yenye sahihi ya mkubwa wako humpuuzi. Betri za ziada na chaja tulinunua mjini Beni kwa fedha zetu wenyewe, dola mia na kitu. Mbao nene za kulikaza daraja tulichanga maafisa na masajini, na vijana wakazipigilia wenyewe. Nani angeturudishia? Umoja wa Mataifa ulikuwa unailipa nchi dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi, lakini mbao za daraja hazimo humo.

Wanajeshi wa Kongo walikuwa na kituo chao ng'ambo ya korongo, na hawa niliwahofia kwa sababu tofauti: tungeweza kuuana kwa bahati mbaya. Adui akiwa na sare zao, unamtambuaje mtu gizani? Tulikubaliana na kapteni wao neno la siri na kitambaa cha begani, vyote vikabadilishwa kila jioni. Kiswahili kilitusaidia hapa kuliko kitu chochote. Makao makuu yetu yakiandika Kiingereza na yao Kifaransa, sisi wawili tulimaliza mambo kwa dakika chache. Na wanakijiji ndio walioniletea taarifa bora kuliko karatasi zote. Mama mmoja aliyekuwa akilima karibu na msitu alikuja langoni alfajiri akasema, "Mukubwa, usiku batu banapita kule chini, benye silaha." Nilimpigia kapteni hapohapo. Anayewaambia makamanda wasizoeane na raia hajawahi kukaa Beni.

Tena ulikuwa mwaka wa Ebola, iliyotangazwa pale tarehe 1 Agosti 2018. Hatukupeana mikono tena, tulipimwa joto kila lango, na kila homa ya malaria ilitutia wasiwasi. Kubadilishana wale waendesha redio kulitaka idhini ya madaktari wa pande zote mbili, na nikaipigania.

Katikati ya Novemba mwaka ule, kwenye operesheni ya pamoja dhidi ya ADF, FIB ilipoteza askari wa Malawi na wa Tanzania. Mmoja wa Wamalawi hao, Chancy Chitete, aliuawa akimhudumia koplo wa Kitanzania aliyejeruhiwa, na koplo yule akapona. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukamtunuku Chitete nishani ya Mbaye Diagne, ile ya ushujaa wa pekee. Nililia niliposikia, na siku ileile niliwasomea kombania yangu habari hiyo kwenye paredi, kwa sababu nilikuwa na vijana waliokuwa bado wananong'ona kwamba mgeni hawezi kufa kwa ajili yako.

Usiku niliokuwa nikijiandalia ulikuja saa nane, baada ya mvua. Walianza na kituo cha Wakongo. Tuliona milipuko ng'ambo ya korongo, halafu risasi zikaanza kupita juu ya malindo yetu. Nilitoa neno moja lililokuwa kwenye ule ukurasa. Koplo wangu kule kwa jirani alinisimulia baadaye: afisa wa zamu alianza kusema ngoja kwanza niulize, naye akauweka ukurasa mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, kisha kwenye sahihi ya kamanda wa sekta. Yule afisa akainuka, akaamsha watu. Deraya zilikuwa darajani kabla ya saa moja kupita, taa zimewashwa, mganga yuko tayari.

Sisi tulizuia upande wetu kwa mota na bunduki nzito, na kapteni akawatoa watu wake kwa njia ya korongo wakiwa na vitambaa begani. Hakuna aliyepigwa na mwenzake. Wakongo waliojeruhiwa tuliwapakia, tukawafikisha darajani. Utaratibu wa misheni unataka huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, tabibu ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Ukungu ulikataa helikopta mpaka asubuhi, kwa hiyo bila ile barabara wale vijana wasingefika popote. Walifika, wakapasuliwa, wakapona. Kapteni alikuja baadaye kunishukuru, nikampeleka akamshukuru yule jirani, kwa sababu yeye ndiye aliyetoka kitandani.

Tulipokuwa tunaondoka, fomu za makabidhiano zilikuwa na nafasi ya mahema, majenereta, matangi ya maji na kila bunduki kwa namba yake. Hapakuwa na nafasi ya makubaliano na jirani. Niliubana ule ukurasa kwa pini juu kabisa, nikakataa kusaini mpaka aliyenipokea awe amekwenda darajani usiku na dereva wake mwenyewe, amekaa na kapteni wa Kongo, na amekunywa chai kwa kamanda jirani akamuuliza kwa mdomo wake anakatazwa nini, maana masharti hubadilika kila kikosi kinapobadilishwa. Alilalamika kwamba namcheleweshea ratiba. Nilimwacha alalamike. Koplo wangu naye akabaki kule siku za ziada mpaka mwenzake alipokikalia kile kiti na kuwajua kwa majina maafisa wote wa zamu.