Mhusika wa mezani: anza na deni lake

Katika michezo ya mezani ya kuigiza, kila mchezaji hubuni mhusika na kusimulia anachofanya, na dadu huamua kama amefaulu. Mchezaji mgeni akishika karatasi ya mhusika hukimbilia namba: nguvu ngapi, uhai kiasi gani. Ziache kwanza. Andika sentensi moja yenye kazi, mahali na deni. “Shujaa jasiri wa porini” haifai, maana msimamizi wa mchezo, yule anayeongoza hadithi, hana pa kumshikia. Jaribu hii: “Kiongozi wa misafara anayevusha watu Marenga Mkali, aliyemtoroka mtemi bila kulipa hongo.” Hongo hapa ni ushuru wa njia, si rushwa.

Sisi wa Dodoma tuna mali hapa na tunaipita tu. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilikata nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, na ikishaingia Ugogo ilitozwa hongo na watemi kwa vitambaa, shanga na nyaya. Msafara uliochoka kwa kiu hauna ubavu wa kubishania bei. Kwa hiyo mhusika wetu ana adui, ana siri ya njia, na ana sababu ya kutopita mchana kijiji fulani. Hayo yote yametoka kwenye sentensi moja.

Sasa namba. Nachukua Dungeons & Dragons, mmoja wa michezo hiyo, toleo la tano la 2014, kwa sababu kanuni zake za msingi zinapatikana bure. Unagawa 15, 14, 13, 12, 10 na 8 kwa sifa sita za mhusika. Soma kitenzi cha sentensi yako: anavusha. Kunusurika nyikani huenda na Busara, basi 15 iende huko. Ustahimilivu 14, Wepesi 13, Mvuto 12, Akili 10, Nguvu 8. Akiwa binadamu wa kawaida, kila moja inaongezeka 1. Busara 16 inampa nyongeza ya +3, na ujuzi wa ngazi ya kwanza +2, jumla +5. Kutafuta maji kwa kiwango cha 15, yaani dadu na nyongeza zifikie 15, kunahitaji dadu ya pande 20 ionyeshe 10 au zaidi: nafasi 11 kati ya 20.

Wengi hapa huharibu. Wanaipeleka 15 kwenye Wepesi ili mshale upige vizuri, Busara inaachiwa 8, na kiongozi wa nyika anapata maji mara 7 tu kati ya 20. Baada ya vikao viwili hakuna mezani anayemwamini. Kama unataka mpiga upinde, andika sentensi ya mpiga upinde.

Kosa la pili ni historia ndefu. Kurasa tano za vita alivyoshinda hazikai kwenye ngazi ya 1. Kiongozi wetu, akichezwa kama mwindaji wa porini (ranger), ana uhai 12: 10 za kazi yake na 2 za Ustahimilivu. Mshale wa upinde mfupi wa adui mwenye nyongeza ya +2 hula uhai 3 hadi 8. Mitatu kwa kawaida inamlaza, hata miwili inaweza. Nusu ukurasa inatosha: nani anamdai, nani anamficha, na nini hawezi kukiacha nyuma. Mpe msimamizi nakala kabla ya kikao, na muulize kama mwenzako ameshachukua kazi hiyohiyo.

Mkikosa dadu ya pande 20, msijumlishe dadu tatu za ludo mkidhani ni sawa. Zenyewe hupenda jumla za katikati: anayehitaji 10 anafaulu takriban mara 62 kwa 100, anayehitaji 14 anashuka hadi 16, wakati kwa dadu ya pande 20 ni 55 na 35. Andikeni vikaratasi 1 hadi 20, vya ukubwa mmoja, mvitie kwenye kikombe. Kikitoka kimoja kirudishwe na kikombe kitikiswe kabla ya mwingine kuvuta, la sivyo 20 iliyokwisha kutoka haipatikani tena.